Dawa ni Mali ya Nani?

Mtu akinunua jembe, jembe ni lake. Akilivunja, hasara ni yake. Je, akinunua dawa ya kuua vijidudu, dawa hiyo ni yake kama jembe lilivyo lake? Nakusihi, msomaji, usijibu upesi.

Mfikirie mfugaji wa nguruwe kandokando ya mji wa Eldoret. Nguruwe wake wachanga, walioachishwa kunyonya juzi, wanaharisha, na karo ya mwanawe yawategemea wao. Kumwita daktari wa mifugo ni gharama. Basi huenda dukani, akanunua unga wa dawa, akautia kwa kukisia katika chakula cha wagonjwa na wazima pamoja. Siku ya tatu kuhara kumekoma. Ni nani atakayemwita mtu huyu mwovu?

Lakini matumboni mwa nguruwe wale limetendeka jambo lisiloonekana kwa macho. Vijidudu dhaifu vimekufa. Vilivyo sugu vimesalia, vikazaana. Tena vijidudu hupeana usugu, kisha hutoka zizini kwa samadi, kwa maji na kwa mikono ya watu. Mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza kwamba vijidudu vya nguruwe, na vya wagonjwa wengine hospitalini, vimeonekana na jeni inayovikinga na kolistini, dawa ambayo waganga huiweka kuwa kimbilio la mwisho. Dawa hiyo ilikuwa ikitiwa katika chakula cha nguruwe ili wakue upesi. China ilikataza matumizi hayo mwaka 2017.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliiona hatari hii mapema. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, mwaka 1945, alitoa mfano wa mume aliyeumwa koo akatumia penisilini haba, hata vijidudu vyake vikajifunza kuistahimili. Mkewe akaambukizwa, dawa ile ile ikashindwa kumponya, akafa. Fleming aliuliza ni nani wa kulaumiwa, naye akajibu kuwa ni mume, kwa uzembe wake.

Hapa ndipo dawa inapoachana na jembe. Unga ni mali ya mnunuzi. Nguvu iliyo ndani yake ni mali ya watu wote, kama kisima cha kijiji. Kila mtu huteka kwa ndoo yake, lakini hapana aliye na ruhusa ya kuoga kisimani.

Utasema kwamba umaskini humlazimisha mfugaji. Ni kweli, na umaskini hupunguza lawama. Lakini haupunguzi madhara. Kwa hiyo wajibu si wa mfugaji peke yake. Muuzaji asiyeuliza swali, serikali isiyomfikishia mfugaji daktari, na mlaji atakaye nyama rahisi, wote wana fungu lao. Uswidi ilikataza dawa za kukuzia mifugo mwaka 1986. Mwanzoni nguruwe wachanga waliharisha sana. Kisha wafugaji wakajifunza kutunza usafi, kuongeza nafasi mabandani, na kutoharakisha kuwaachisha kunyonya.

Wewe, kijana, labda huna nguruwe hata mmoja. Lakini siku moja wewe au mama yako ataugua, nawe utatumaini kwamba dawa bado ina nguvu. Basi itumie leo kama alivyoagiza daktari, ili mwenzako naye aikute na nguvu zake.