Karibu ya Mlangoni

Kila ifikapo mwezi wa Mei kurasa za majarida kama hili hujaa picha za wahitimu. Majoho, kofia, mashada ya maua, na mama aliyesafiri kutoka Tanga au Mombasa amesimama pembeni na kanga zake, haelewi hotuba hata moja lakini analia kwa furaha. Furaha hiyo ni ya haki na hatuna nia ya kuipunguza. Ila lipo swali ambalo huwa hatuliulizi mwezi huo wa Mei: wale walioanza pamoja na hawa, wako wapi?

Swali linavihusu zaidi vyuo vya jamii, komyuniti koleji kama tulivyozoea kuviita, maana huko ndiko wengi wetu tulio hapa Marekani huanzia. Kikongwe kati ya vyuo hivyo vya umma ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanza mwaka 1901, na leo nchi nzima ina takriban elfu moja. Sifa yake kubwa ni mlango wazi. Mwenye cheti cha sekondari au cheti mbadala huingia bila kuulizwa alikuwa wa ngapi darasani. Ada ni nafuu kuliko ya vyuo vikuu, na masomo ya jioni yapo. Ndugu yetu aliyetoka Kongo akapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa hapa kama mkimbizi anaweza hata kuomba ruzuku ya serikali, ile Pell Grant, isiyorudishwa. Aliyekuja na viza ya mwanafunzi haipati, hulipa ada ya juu kuliko mkazi, na sheria humbana kwenye saa 20 za kazi kwa wiki, tena ndani ya eneo la chuo. Hata hivyo naye mlango umemfungukia.

Sasa tazama upande wa kutokea. Katika kila watu kumi wanaoanza kwenye vyuo hivi, baada ya miaka sita ni wanne hivi tu walio na cheti au shahada yoyote kutoka popote. Wanaoingia wakitaka hatimaye shahada ya kwanza ya miaka minne ni karibu asilimia 80. Wanaoipata katika miaka hiyo sita ni kama asilimia 16.

Kosa ni la nani? Kwenye sherehe zetu jibu hupatikana upesi, mara nyingi kabla pilau halijapakuliwa. Marekani kila kitu kipo, ni juhudi yako tu. Fulani kaacha shule kwa sababu alipenda gari, kazoea dola za maboksi. Jibu hili lina utamu wake kwa aliyemaliza, kwa kuwa linamfanya astahili sifa zote peke yake. Lipo na jibu la pili, la kulaumu mfumo mzima tangu enzi za utumwa, nalo lina ukweli mwingi lakini halimsaidii mtu kujua afanye nini Jumatatu asubuhi. Sisi tunaona tuanzie kwenye neno letu wenyewe, neno karibu.

Kwa Waswahili mtu hapigi hodi akaitikiwa karibu kisha akaachwa amesimama kizingitini. Kulitamka neno hilo ni kukubali gharama: kutafuta mkeka, maji ya kunywa, na chochote kilichopo jikoni. Asiye na nafasi husema kwa adabu kwamba leo nyumba ina shughuli, na mgeni huelewa akaenda zake bila kinyongo. Kinachochukiza ni karibu ya mlangoni, ile ambayo mwenyeji huitoa ili majirani wasikie, naye anajua kwamba ndani hakuna alichoandaa. Je, chuo kinachompokea mtu, kikachukua ada yake na miaka yake miwili mitatu, huku kikijua kwa hesabu zake chenyewe kwamba walio wengi hawatafika mwisho, kimemkaribisha kweli?

Swali si geni. Mwaka 1960 mtaalamu wa elimu ya jamii, Burton Clark, aliandika makala kuhusu alichokiita kazi ya kupoza. Aliona kwamba vyuo vya miaka miwili hupokea vijana wengi wenye matumaini makubwa kuliko nafasi zilizopo, kisha huwashusha taratibu, kwa mitihani ya kuingilia na vikao vya ushauri, mpaka kijana mwenyewe aseme kwamba njia ile haikumfaa. Msamiati huo ulikuwa wa matapeli. Mwenzake, Erving Goffman, alikuwa ameeleza mwaka 1952 jinsi kundi la matapeli linavyomwacha nyuma mtu mmoja wa kumliwaza aliyeliwa fedha, ili alikubali lililompata wala asiende polisi. Clark hakusema kwamba walimu ni matapeli, na sisi hatusemi. Walimu wa vyuo hivi tunawafahamu, wengi wao hufundisha kwa mikataba ya muhula mmoja na mshahara mdogo. Lakini ukimsikia kijana wetu aliyeacha masomo akisema kwa utulivu kabisa, shule si fungu langu, ujue huenda amepozwa.

Ukichunguza anakwamia wapi, utakuta mambo madogo yasiyo na sura ya dhambi. Chukua hesabu ya krediti. Shahada ya miaka miwili kwa kawaida huhitaji krediti 60. Sheria za misaada humhesabu mtu kuwa mwanafunzi wa muda wote akichukua 12 kwa muhula. Mihula minne mara 12 ni 48. Kijana aliyefuata maelezo yote bila kukosea hata moja hujikuta mwisho wa mwaka wa pili amebakiza muhula mzima, na anaona kama yeye ndiye aliyezembea. Au chukua mtihani wa kupangiwa madarasa. Kwa miaka mingi mtu mzima aliyefundisha hisabati kwa Kifaransa huko Bujumbura aliweza kurudishwa kwenye hesabu za kugawanya na kuzidisha kwa sababu ya alama za siku moja. Masomo hayo ya kuziba pengo hulipiwa lakini hayaingii kwenye zile 60. California ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuvitaka vyuo vyake vitazame zaidi matokeo ya sekondari na viwaingize watu moja kwa moja kwenye masomo yenye krediti. Na chukua lile la kuondoka katikati. Mwenye ruzuku ya serikali akiacha kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha hurudishwa, na chuo huweza kumdai mwanafunzi pengo lililobaki. Mama aliyeacha mwezi wa Oktoba kumuuguza mwanawe anarudi Januari akitaka kujiandikisha, anaambiwa kwanza lipa deni. Wapo wasiorudi tena baada ya hapo.

Kwa hiyo tukiambiwa kwamba maadili ya mwanafunzi ndiyo chanzo, sisi tunauliza: yapi katika hayo ni maadili?

Bahati nzuri jambo hili limepimwa. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kilianza mwaka 2007 mpango uitwao ASAP katika vyuo vyake vya jamii. Mwanafunzi anatakiwa asome muda wote, akutane na mshauri wake mara kwa mara, ahudhurie mafunzo ya ziada akihitaji. Chuo nacho hulipa upungufu wa ada baada ya misaada mingine, humsaidia vitabu, na kumpa kadi ya usafiri. Mwanzoni mshauri mmoja alikuwa na wanafunzi 60 hadi 80, wakati washauri wa kawaida walihudumia mamia. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa kura, wengine wakaingia mpangoni na wengine wakabaki na huduma za kawaida. Wote walikuwa wa kipato kidogo na wanaohitaji masomo ya kuziba pengo. Baada ya miaka mitatu walikuwa wamehitimu asilimia 40 ya waliokuwa mpangoni, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Vyuo vitatu vya Ohio vilipojaribu utaratibu huo kuanzia mwaka 2014, ikawa 35 dhidi ya 19.

Tafakari maana ya kura hiyo. Vijana ni walewale na uvivu wao, kama upo, ni uleule. Mitaala haikulegezwa wala walimu hawakubadilishwa. Kilichobadilika ni jinsi mwenyeji alivyojiandaa, na idadi ya wanaomaliza ikakaribia mara mbili. Mtu akishaziona hesabu hizo, ile hukumu ya kwenye pilau haisemeki tena kwa dhamiri safi.

Wapo watakaosema huku ni kudekeza. Hapana. Kadi ile ya usafiri mtu aliipata kwa kutimiza masharti, likiwemo la kuonana na mshauri. Ni malezi ya shangazi mkali: chakula kipo, lakini kwanza nionyeshe daftari. Pingamizi zito zaidi ni la viwango. Chuo kikiambiwa kitalipwa kwa idadi ya wahitimu, njia nyepesi ni kugawa alama, na hakuna kati yetu anayetaka kuchomwa sindano na muuguzi aliyepitishwa kwa huruma. Hofu hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni kuuacha mtihani ulivyo na kushughulikia vilivyo nje ya mtihani. Wengine wanasema ni ghali. Kwa kila mwanafunzi, ndiyo, gharama New York ilipanda kwa zaidi ya nusu. Kwa kila mhitimu ilishuka. (Na aliyechukua kozi moja ya uhasibu akapata kazi nzuri akaenda zake, huyo hajashindwa chochote. Takwimu humhesabu vibaya.)

Lakini chuo si mwenyeji pekee. Sisi pia tuliwaambia hawa karibu.

Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliyokodiwa iliwaleta Marekani wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa hapa, wakiwemo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walioomba michango. Hadi mwaka 1963 walikuwa wamevuka mamia. Nyuma ya wengi wao kulikuwa na koo na vijiji vilivyochanga fedha ya matumizi. Mwanafunzi wa wakati ule alikuwa mzigo wa hiari wa watu wake. Wa leo mara nyingi ndiye anayewabeba watu wake. Ameingia darasani saa mbili asubuhi akitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na simu inamsubiri: ada ya mdogo wake, bati za nyumba, mgonjwa hospitali ya mkoa. Simu ya nyumbani haijui wiki ya mitihani.

Hapa ndipo penye swali gumu kuliko la chuo. Je, mwanafunzi ana haki ya kusema hapana kwa miaka miwili? Tumelelewa kujua kwamba mtu ni watu, na anayekula peke yake ana jina lake. Mgonjwa wa leo hawezi kuambiwa asubiri shahada. Ila ipo tofauti kati ya dharura na mazoea, na sehemu ya fedha zinazotumwa huenda kwenye mazoea: kadi ya harusi ya binamu wa mbali, simu mpya, kiwanja kisichokuwa na haraka. Sisi tunaona haki hiyo ipo, na kwamba kijana wa miaka 20 hapaswi kuachwa aidai peke yake, maana akiidai yeye ataitwa mbinafsi, na neno hilo likimfika litamfanya aongeze zamu badala ya kuipunguza.

Tunao uzoefu wa mambo kama haya. Mtu akifiwa hapa, kabla ya siku ya tatu kuna kamati, mweka hazina, orodha ya michango, na mtu wa kushughulikia ndege. Hatumwachii mfiwa apige simu. Vilevile kijana akitaka kuoa haendi mwenyewe kwa wakwe, anatafutiwa mshenga. Kwa nini mwanafunzi asipate wake? Kamati ileile ya misiba inaweza kujua mwezi wa Septemba nani kaandikishwa wapi, ikamkopesha dola za kulipa deni linalomzuia kujiandikisha, ikampa mama mlezi wa mtoto kwa jioni mbili. Na mtu mzima mmoja, mwenye sauti inayosikika nyumbani, apige simu kwa baba au mjomba amsemee. Wazee huelewa zaidi ya tunavyowadhania wanapoelezwa na mzee mwenzao kwa hesabu kamili: zimebaki krediti 22, zitakwisha mwezi wa Mei mwakani, mpaka hapo itatumwa dola 50 badala ya 200, na mgonjwa akizidiwa, nipigieni mimi kwanza.