Kukua kwa Biashara na Haki ya Waliobaki



Twasema biashara ya fulani imekua pindi tuonapo milango yake imezidi. Lakini yafaa tujiulize: imekua kwa faida ya nani, na kwa kutoa nini?

Tazama mfano wa Marekani. Mwaka 1968 Bill Darden alifungua mkahawa wa samaki mjini Lakeland, Florida, akauita Red Lobster. Mwaka 1970 kampuni ya General Mills ikaununua na kuueneza, na mwaka 1982 ikaanzisha mikahawa ya chakula cha Kitaliano, Olive Garden. Mwaka 1995 yote ikatengwa kuwa kampuni moja, yenye jina la Darden. Kufikia hapo hatuna neno. Watu wengi walipata riziki.

Mwaka 2014 Darden iliiuza Red Lobster kwa wawekezaji wa Golden Gate Capital, kwa dola bilioni 2.1. Wanunuzi nao wakauza viwanja vya mikahawa ile kwa dola bilioni 1.5 hivi, ili wapate fedha za kununulia. Tangu hapo Red Lobster ikawa mpangaji pale ilipokuwa mwenyewe. Watu wa Mombasa na Malindi wanaijua nyumba isiyo na ardhi: kuta zako, paa lako, na kodi wamlipa mwenye kiwanja.

Mei 2024 Red Lobster ilikwenda mahakamani kuomba hifadhi dhidi ya wadai wake. Watu walicheka, wakasema imefilisiwa na walafi, kwani mwaka 2023 iliuza kamba kwa dola 20, mtu ale mpaka atosheke. Kweli, hasara ya kamba ilikuwa dola milioni 11. Lakini kodi ya mwaka huo ilikuwa kiasi cha dola milioni 190. Insafu yataka tuseme pia kwamba wateja walikuwa wamepungua na gharama zimepanda. Ila mwenye kiwanja chake huweza kuuvumilia mwaka mbaya. Mpangaji hana nafasi hiyo.

Waliouza viwanja walikwisha kuondoka tangu 2020. Waliobaki ni wapishi na wahudumu. Makumi ya mikahawa ilifungwa ghafla, majiko na meza zikanadiwa.

Mtu atasema: mali ilikuwa yao, walikuwa na haki ya kuuza. Kisheria ni kweli. Lakini si kila lenye ruhusa lina uadilifu. Anayekula faida na kuondoka, akawaachia wengine mzigo ambao hawakuulizwa, hakukuza kitu. Amehamisha tu, kutoka mikono ya wengi kuja mkononi mwake.

Basi nawe, ndugu yangu, ukitaka kuweka rehani hati ya duka la wazee wako ili ufungue la pili, usihesabu faida peke yake. Waite kwanza ndugu zako, na yule kijana akaaye jikoni tangu alfajiri, uwaulize: mambo yakiharibika, nani atakayelipa?