Profesa kwa Kiingereza cha Nani?

Je, mtu anaweza kuandika neno lililo sahihi kabisa na bado akampotosha msomaji? Nasema anaweza, na ushahidi uko kwenye zile sentensi mbili tatu za Kiingereza zinazomtambulisha mwandishi nyuma ya kitabu.

Chukua "assistant professor". Marekani, huyo ni mwanazuoni kamili. Anafundisha, anatafiti, na wanafunzi humwita profesa bila kosa. Ila yuko ngazi ya kwanza: juu yake yupo "associate professor", kisha "professor" mwenyewe. Ukimwita "msaidizi wa profesa" umemgeuza mbeba mafaili. Lakini akija Dar es Salaam akajiandika "Professor" kavukavu, msomaji wa huku atadhani yuko kileleni. Kwetu mtu huanza kama mhadhiri msaidizi, akawa mhadhiri, mwandamizi, profesa mshiriki, na wengi hustaafu kabla ya kufika juu. Neno ni moja, uzito si mmoja.

Barack Obama yalimkuta. Kuanzia 1996 hadi 2004, cheo chake pale Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa "senior lecturer". Alipogombea urais alijiita profesa wa sheria ya katiba, wapinzani wakadai anajikweza. Mwaka 2008 chuo kikatoa tamko: wahadhiri wake waandamizi huhesabiwa kuwa maprofesa, ingawa si wa muda wote. Basi hakudanganya. Lakini mpiga kura wa kawaida angeijuaje desturi ya Chicago?

Utasema haya ni madoido ya wasomi. Sivyo. Cheo humfanya msomaji alegeze ulinzi: anaamini ushauri, ananunua kitabu, anakubali hoja kabla ya kuipima. Imani hiyo ni mkopo, na anayeuchukua kwa neno lenye maana mbili anajua vizuri msomaji ataelewa ipi.

Kwa hiyo kipimo changu si kamusi. Ni hiki: asiyejua mfumo wa chuo chako ataelewa nini? Kama ataelewa kikubwa kuliko ulicho nacho, ongeza neno moja. "Assistant" haimpunguzii mtu heshima. Nyerere alikuwa na shahada ya M.A. ya Edinburgh tangu 1952, na udaktari wa heshima alitunukiwa pia. Nchi ilimwita Mwalimu, na hakuna aliyemsikiliza kwa sikio moja.