Sahihi ya Baharia

Wako watu wanunuao picha au kitabu kwa bei kubwa, kwa kuwa baharia mashuhuri amekitia sahihi yake. Twauliza: wino kidogo waongeza nini?

Tumtazame Robin Knox-Johnston, Mwingereza. Mwaka 1968 wanaume 9 walishindana kuizunguka dunia kwa tanga, kila mtu peke yake chomboni, bila kutua. Ni yeye tu aliyemaliza, Aprili 1969, baada ya siku 312. Mwenzake, Donald Crowhurst, alituma habari za uongo juu ya safari yake, kisha akapotea baharini, akaacha mke na watoto. Knox-Johnston alipopewa zawadi ya pauni 5,000, aliwapa jamaa ya Crowhurst zote.

Basi sahihi yashuhudia neno moja tu, kwamba mkono huu uligusa karatasi hii. Aliyeinunua hakununua ushujaa wala ukarimu. Kuitunza si vibaya, ikiwa yatukumbusha tendo. Bali tukilisahau tendo, tumeshika ganda, tumeacha kiini. Mkono ule ule ulioandika jina ndio uliofunguka kutoa. Sahihi yauzwa kwa wenye mali. Kutoa kule, hata maskini aweza kukufuata.