Funika Hiyo, Mwanangu

Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, kesho yake ikiwa Ijumaa Kuu. Watu 148 waliuawa, karibu wote wanafunzi; baadhi walikuwa mabwenini, wengine wamejumuika kwa sala ya asubuhi. Redio ilitutajia idadi, na kila taarifa ya habari idadi ikapanda. Iliuma, lakini iliwezekana kuibeba. Iliyonivunja ni simu. Picha iliingia kwenye kundi la familia: vijana wamelala kifudifudi darasani, sakafu imejaa damu, na chini yake neno moja, "Sambaza."

Shangazi yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, aliitupia jicho mara moja. "Funika hiyo, mwanangu," akasema. "Huyo ana mama yake, na bado hajaambiwa."

Alisema kweli. Wakati picha zile zikizunguka, wazazi walikuwa safarini kwenda Nairobi. Miili ilisafirishwa kwa ndege hadi mochari ya Chiromo, na kazi ya kuitambua ikachukua siku kadhaa. Inawezekana kabisa kwamba kuna mama aliyemwona mwanawe kwenye simu ya abiria mwenzake kabla hajafika Chiromo. Wazo hilo halijanitoka mpaka leo.

Kwetu habari ya kifo ina taratibu zake. Mtu haambiwi njiani. Ataketishwa, ataulizwa kama amekula, mzee ataitwa ndipo aambiwe. Na akishaambiwa, kazi zinaanza: kuna turubai la kufunga, maji ya kuteka, sukari ya kununua, michango ya kuandika daftarini, wageni wa kupokea stendi. Naamini kwa dhati kwamba kazi hizo ndizo zinazomshikilia mfiwa, na jirani yake pia, wasianguke. Simu inakuletea kifo saa tano za usiku ukiwa peke yako kitandani, bila turubai, bila daftari, bila mtu wa kumpa pole. Moyo uliopewa msiba usio na kazi hubaki na hofu, na hofu hiyo huamka nao asubuhi, ikapanda nao matatu, ikamtazama vibaya abiria aliyebeba begi kubwa.

Wapo wanaoshauri tuzime kila kitu. Mimi siwezi. Waliouawa wanastahili tujue kwamba wameuawa, wapi, na nani alizembea. Ila nikishajua, kuitazama miili yao mara ya kumi hakumfai yeyote, na marehemu hajaniruhusu. Kwa hiyo nasikiliza taarifa ya habari moja, kisha natafuta la kufanya kwa mikono. Septemba 2013, jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi lilipovamiwa na likiwa bado limezingirwa, watu walipanga foleni katika bustani ya Uhuru Park kuwatolea majeruhi damu. Wengi hawakumjua majeruhi hata mmoja. Aliyekaa kwenye foleni ile juani alirudi nyumbani amechoka, na mtu aliyechoka hivyo hulala. Asiyeweza kutoa damu anaweza kumpigia simu jirani mwenye mtoto chuoni mbali, akakaa naye mpaka mtoto apatikane.

Watoto nao husikia, hata tukipunguza sauti. Wakiniuliza kama watu wale watakuja shuleni kwao, sipendi kuwaahidi nisiloliweza. Huwasimulia habari ya basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Desemba ya mwaka uleule wa 2015, watu wenye bunduki walilisimamisha karibu na El Wak, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki akiwa anatibiwa Nairobi.

Nayo ni habari ya damu, tena sifichi kwamba mwalimu alikufa. Lakini watoto hawajawahi kuniomba picha yake. Wanachotaka kujua ni hivi: wale akina mama, baada ya kutoa hijabu zao, wao wenyewe walijifunika nini? Basi hapo kila mmoja mezani hutoa jibu lake, na ubishi huendelea mpaka chakula kipoe.