Fungate ya Kibali

Wapenzi wa Nairobi wakitaka kupumzika Malindi, hukata tiketi wakaondoka. Maharusi wakimbizi wa kambi za Ifo, Dagahaley au Hagadera huanza na kibali cha kusafiri. Bila karatasi hiyo, kizuizi cha polisi kwenye barabara ya Garissa ndicho mwisho wa fungate. Hina ya bibi harusi yaweza kufifia kabla jibu halijatoka.

Kambi hizi zilianza kujengwa 1991. Waliozaliwa humo sasa wanaoana. Wapo ambao wazazi wao walitoka Kismayu, ufukweni kabisa, nao wamelelewa kwa masimulizi ya bahari wasiyoijua. Ugonjwa na masomo ni sababu nzito za kupewa ruhusa, sikatai. Lakini ndugu mwenye mhuri, nakuomba: wakikuandikia kwamba wanataka siku mbili tu za upepo wa Lamu, wagongee.