Miombo Huchipuka Kabla ya Mvua

Katika nchi ya Katanga mwaka una sehemu mbili. Tangu mwezi wa Mei mpaka Septemba mbingu ni kavu. Majani yanakauka, vijito vinapungua, na moto wa porini unaacha majivu meusi kandokando ya njia. Tangu Oktoba au Novemba mpaka Aprili mvua inarudi, na pale palipokuwa na vumbi panakuwa na matope. Mjini Lubumbashi na katika vijiji vya jirani, mvua ya mwaka mzima hufika karibu milimeta 1,200, na karibu yote hunyesha katika miezi hiyo michache. Mkulima anayajua haya bila kitabu. Baba zake waliyajua, na watoto wake wanayajua.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu huliona kila mwaka wala hawaulizi maana yake. Mwishoni mwa kiangazi, jua linapokuwa kali na ardhi imekuwa ngumu kama tofali, miti ya miombo huchipuka. Hakuna tone la mvua lililoanguka. Hakuna hata wingu. Na tazama, matawi yaliyokuwa matupu yanavaa majani mapya, mekundu kama shaba, ambayo baadaye yanageuka kuwa ya kijani. Majani yanatangulia, mvua inafuata baada ya majuma kadhaa.

Mti umepata wapi nguvu hiyo? Mizizi yake inashuka chini sana, mpaka penye udongo ambao bado una unyevu wa masika yaliyopita. Tena ndani ya shina na mizizi umejiwekea akiba. Basi kwa maji ya mwaka uliopita unajiweka tayari kwa maji ya mwaka ujao. Mungu aliyeuumba ndiye aliyeupa desturi hiyo.

Imani nayo ni vivyo hivyo. Mtu mwenye imani anakumbuka mema ambayo Mungu amekwisha kuyatenda. Na kwa nguvu ya ukumbusho huo anaanza leo kazi ambayo matunda yake hajayaona bado. Anayengoja kuona kwanza, ndipo aamini, anafanana na mti unaongoja mafuriko ili utoe jani moja.

MBEGU ILIYO JUU YA MOSHI

Katika nyumba nyingi za vijijini, mama huchagua masuke mazuri ya mahindi wakati wa mavuno, huyafunga pamoja, na kuyatundika juu ya mafiga. Moshi unafukuza wadudu, na mbegu inakaa salama mpaka siku ya kupanda. Lakini kabla ya siku hiyo kufika, ghala inapungua. Bukari inakuwa kidogo katika sahani. Ndipo mtoto anainua macho.

«Mama, njaa inaniuma. Mbona hatuyali mahindi yale?»

«Yale si yetu, mwanangu. Ni ya shamba.»

«Kumbe shamba linakula?»

«Linakula mara moja, nalo linatulisha mwaka mzima. Sogea hapa, sombe imeiva.»

Je, mama huyo hampendi mtoto wake? Anampenda. Kwa sababu anampenda, anamnyima leo kitu ambacho kitamwokoa kesho. Naye mwenyewe analala na njaa kuliko mtoto. Kama mtoto angekuwa karibu kufa, angeishusha mbegu ile mara moja, maana uhai wa mtu ni mkubwa kuliko shamba. Na hapo jirani Mkristu angekuwa na wajibu wa kumpa mbegu nyingine, pasipo kungoja kuombwa mara mbili. Lakini siku zote za njaa ya kawaida mama anavumilia, na masuke yanabaki juu ya moshi.

Mkatekumeni naye amepewa mbegu. Ni Neno la Mungu, analolisikia kwa katekista na kanisani. Hajabatizwa bado, hajala Mwili wa Bwana. Anaona wengine wanakwenda mezani pa Bwana, yeye anabaki mahali pake. Anajua sala, lakini hasira yake ya zamani bado inamshika. Ameacha pombe ya kulevya, na rafiki zake wanamcheka. Anasema moyoni: Nimejifunza muda mrefu, na matunda yako wapi? Huo ndio wakati wa njaa, na ndio wakati ambapo watu wengi wanaishusha mbegu na kuila. Wanarudia kisasi, au ulevi, au mke wa mtu. Wanashiba siku moja, na siku ya kupanda hawana kitu mkononi.

Kungoja huko kulikuwako tangu mwanzo wa misioni. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliagiza mafundisho ya miaka minne kabla ya ubatizo. Wamisionari hao walipofika Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, waliishika kanuni hiyo. Miaka minne ni kiangazi kirefu. Watu wengine walichoka wakaenda zao. Wengine walivumilia, wakawa mizizi ya Kanisa katika nchi ile. Na mwaka 1917, miaka 32 baadaye, Stefano Kaoze alipewa upadri huko Baudouinville, mji unaoitwa leo Moba. Ndiye Mkongomani wa kwanza kupewa upadri tangu wamisionari wa karne ya 19 walipofika. Wazee waliovumilia mafundisho ya kwanza hawakujua kwamba siku hiyo ingefika. Walitunza mbegu tu.

Baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliagiza kwamba ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua mbalimbali. Na kitabu cha ibada zake kilitolewa mwaka 1972. Hatua hizo zinamwongoza mtu polepole mpaka usiku wa Pasaka. Kanisa halimcheleweshi mtu kwa kumchukia. Linampa nafasi ili mizizi yake ishuke.

MVUA IKICHELEWA

Kuna miaka ambayo Novemba inafika na mbingu zingali kavu. Watu wamelima, mashimo ya mbegu yako wazi, wingu linapita bila kutoa kitu. Hapo maneno mabaya yanaanza kijijini. Mmoja anasema: Mvua imefungwa. Mwingine anauliza: Nani ameifunga? Na mara nyingi jicho la watu linamwangukia mjane mzee, asiye na mtoto wa kumtetea, anayekaa peke yake nyumba ya mwisho. Mtu anakumbuka kwamba aligombana naye kisimani. Mwingine anataka mganga aitwe ili aague. Kabla ya juma kwisha, mwanamke yule anafukuzwa, au anapigwa, au anapatwa na mabaya zaidi ya hayo.

Hapa imani ya mkatekumeni inapimwa kweli, kuliko katika maulizo ya katekisimu.

Kwanza na aitumie akili aliyopewa na Mungu. Mvua ya Katanga inafuata jua. Kuanzia mwishoni mwa Septemba jua linahamia upande wa kusini, na mwishoni mwa Oktoba linapita juu kabisa ya kichwa katika nchi ya Lubumbashi. Joto linainua hewa, pepo zinaleta unyevu, mawingu yanakusanyika, mvua inanyesha. Mwaka mmoja pepo zinawahi, mwaka mwingine zinachelewa, na nchi nyingi zinachelewa pamoja, ambazo watu wake hawamjui hata kidogo mwanamke yule. Nani awezaye kulifungia jua njia? Bibi kizee ambaye hana nguvu za kubeba mtungi wake wa maji, atayashikaje mawingu ya nchi nzima?

Tena na aikumbuke sheria ya Mungu. Amri ya kwanza inamkataza kutafuta msaada kwa uaguzi. Amri ya tano inakataza kuua, na anayempiga asiye na kosa yuko katika njia ya kuua. Amri ya nane inakataza ushahidi wa uongo. Na yule anayenyamaza huku akijua kwamba neno ni uongo, naye ana sehemu yake katika kosa.

Mkatekumeni afanye nini basi? Asimame mlangoni pa mjane yule. Achote maji ampelekee, mchana, watu wote wakiona. Amwite katekista na wakubwa wa kijiji, awaambie kwa heshima kwamba mama huyu hana hatia. Pengine ndugu zake watamkasirikia. Pengine watasema kwamba naye ni mchawi mwenziwe. Na asitumaini kwamba mvua itakuja upesi kumpa haki, maana mvua ikinyesha kesho, wengine watasema ni kazi ya mganga. Isiponyesha, watasema ni kosa lake. Anatenda mema kabla ya kuona wingu. Ndivyo miombo inavyofanya.

Nabii Elia alikuwa mtu wa namna hiyo. Nchi ya Israeli ilikuwa imekaa miaka mingi bila mvua. Elia alimwambia mfalme Ahabu kwamba mvua kubwa inakuja, hali mbingu zilikuwa kavu bado. Akapanda mlima wa Karmeli, akainama mpaka chini, akasali. Akamtuma mtumishi wake kutazama upande wa bahari. Hakuna kitu. Akamtuma tena, na tena. Mara ya saba mtumishi aliona wingu dogo, kadiri ya mkono wa mtu. Mara sita alirudi na jibu lile lile, na nabii hakuondoka mahali pake pa sala.

Lakini sala ya Elia si dawa ya mganga. Mganga anadai kuwa na nguvu juu ya mvua. Mkristu anaomba kama mtoto anavyomwomba baba yake, akijua kwamba baba ana akili kuliko yeye. Anaomba mvua, tena anaomba kwa bidii. Anamwachia Mungu siku na saa. Na wakati anapongoja, anatunza mihogo yake shambani, kwa kuwa muhogo unastahimili ukame, anagawana na jirani aliyepungukiwa, hakai bure. Mtakatifu Yakobo Mtume, akiwafundisha Wakristu uvumilivu, aliwaonyesha mkulima anayengojea mvua ya kwanza na mvua ya mwisho. Mkulima huyo hakulala. Alikuwa amekwisha kulima.

VAZI LA KIJANI

Siku za kiangazi, tangu Juni mpaka Septemba, mkatekumeni akitazama altareni siku ya Dominika, ataona kwamba padri amevaa vazi la kijani, isipokuwa sikukuu fulani ikiwa imeangukia siku hiyo. Nje ya kanisa majani yote yameungua. Ndani ya kanisa kuna rangi ya kijani. Watu wa zamani walifundisha kwamba rangi hiyo ni ya matumaini. Kanisa linavaa kijani katikati ya vumbi, kwa sababu linakumbuka kwamba Kristu amefufuka, na Roho Mtakatifu amekwisha kumiminwa siku ya Pentekoste. Hayo ndiyo maji yake ya chini, ambayo kiangazi hakiyafikii.

Kisha Majilio yanafika, wakati mbegu zinapozikwa udongoni na watu wanangoja. Kwaresima inakuja mvua zikiwa bado nyingi na kazi ya palizi haijaisha. Na Pasaka inafika wakati mvua zinapoelekea kwisha na mahindi yamekomaa shambani. Katika nchi za Ulaya Pasaka inafika majani yanapoanza kuota baada ya baridi. Katika Katanga inafika pamoja na mavuno. Bwana Yezu alifundisha kwamba punje isipokufa udongoni inabaki peke yake, bali ikifa inazaa sana. Mkristu wa Katanga anayashika mafundisho hayo kwa mikono yake: punje aliyoizika Novemba ameirudisha nyumbani ikiwa suke zima, siku zile zile anapoadhimisha ufufuko wa Bwana.

KAZI YA MKATEKUMENI

Kabla ya kupanda, kila mkatekumeni na ajiulize mambo matatu. La kwanza: Ni neno gani la Evanjili alilolisikia mwaka huu, na analitunza wapi? Na alirudie kila jioni kwa sauti, yeye na watu wa nyumba yake. La pili: Ni nani kijijini anayeogopa kusemwa vibaya mvua ikichelewa? Na aende kumsalimu sasa, kabla maneno hayajaanza. La tatu: Jirani gani amelazimishwa na njaa kuila mbegu yake? Na ampunguzie sehemu ya mbegu zake mwenyewe, hata kama ni kikombe kimoja.

Kisha achukue jembe aende shambani. Akifika shimo la kwanza, na afanye ishara ya Msalaba, aitie mbegu, aifunike kwa mguu, na kwenda shimo la pili.